Irabu za Njaa

Posa inapopelekwa katika miji yetu ya pwani, wazee huuliza mambo mengi kwa adabu, lakini swali lililo chini ya maswali yote ni moja: huyu ni mtoto wa nani? Kisha hufuata la pili: na mama yake je, katoka kwa nani? Mali huulizwa, na elimu siku hizi nayo huulizwa, ila nasaba ndiyo inayokaa juu ya mkeka tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Wanaouliza wanayo methali yao tayari, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Na jirani yao, ambaye pengine amemlea yatima akamwona anakua na kuwa bora kuliko watoto wa damu yake, naye anayo yake: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga walituachia zote mbili bila ya kutwambia ipi ishike pale zinapogongana, nami sidhani kwamba walisahau.

Nataka kulitazama swali hilo kwa upande ambao wahenga hawakuwa na njia ya kuuona, yaani ndani ya chembe ya mwili. Si kwa ajili ya sayansi yenyewe. Mimi ni mtu wa mashairi na tafsiri, niliyejisomea kitabu baada ya kitabu bila ya mwalimu, na kinachonishughulisha humo ni deni. Mtu akizaliwa na alama iliyotiwa mwilini mwake na njaa ya mama yake, alama ambayo yeye hakuichuma wala mama hakuitaka, nani awajibike?

Tuanze na neno. Wataalamu walipotafuta jina la kile ambacho mzazi humrithisha mwana katika chembe za mwili, walilichukua neno nasaba wakalivisha kiambishi, likawa kinasaba, na wingi wake vinasaba. Ni neno zuri, tena la kwetu, lakini limekuja na mzigo wake. Asikiaye vinasaba husikia nasaba, na asikiaye nasaba husikia jambo lililokwisha andikwa lisilofutika. Hivyo ndivyo magazeti yanavyolitumia: kipimo cha vinasaba kitamtaja baba, na kesi imekwisha.

Kumbe hiyo ni nusu ya habari. Ukiziacha chembe chache, kama zile nyekundu za damu, kila chembe ya mwili wa mwanadamu imebeba kitabu kizima chenye vinasaba vipatavyo 20,000. Chembe ya jicho inacho kitabu kile kile kilichomo katika chembe ya ini. Ini halioni, na jicho halichuji sumu, kwa sababu hazisomi kurasa zile zile. Kinasaba chaweza kuwapo maisha yote ya mtu na kisisomwe hata mara moja mahali fulani mwilini, ilhali hatua chache kutoka hapo kinasomwa usiku na mchana. Conrad Waddington, Mwingereza, ndiye aliyeipa elimu hii jina mwaka 1942: epijenetiki, ambayo kiungo chake cha mwanzo ni neno la Kiyunani lenye maana ya “juu ya”.

Juu ya nini? Hapa msomaji wa mashairi ya kale ya pwani hahitaji mfano wa mbali. Tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila aliyekaa chuoni anajua kwamba herufi peke yake haitoshi. Chukua kafu, te na be. Tia fataha juu ya kila moja, utasoma “aliandika”. Tia dhumma katika ya kwanza na kasira katika ya pili, utasoma “iliandikwa”. Tia dhumma mbili za mwanzo, ukaacha ya mwisho itulie, umepata “vitabu”. Herufi ni zile zile tatu, hakuna iliyoongezwa wala kufutwa, na maana imehama kutoka kwa mtu hadi kwa kitu. Ipo pia sukuni, ambayo hata jina lake lina maana ya utulivu. Ikikaa juu ya herufi, herufi haipandi wala haishuki.

Mwili nao una irabu zake. Zilizochunguzwa zaidi ni vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni viitwavyo methili (msomaji asije akasoma methali), ambavyo hujibandika juu ya vinasaba. Aghalabu vinaporundikana mwanzoni mwa kinasaba, kinasaba hicho hunyamaza. Nyingi kati ya alama hizi huwekwa na utaratibu wa mwili wenyewe, kwa mpango usiomngoja mtu. Lakini baadhi yake husikiliza nje: chakula, joto, hofu, utulivu. Mazingira hayaandiki kitabu upya, hutia irabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika mzinga. Malkia wa nyuki na kibarua wa nyuki waweza kuwa na vinasaba vya aina moja, wote mabinti wa mama mmoja. Mabuu wote hulishwa ule ute mweupe unaotoka katika tezi za vichwa vya nyuki walezi, kwa muda wa siku tatu hivi. Baada ya hapo yule atakayekuwa kibarua hupewa asali na chavua, na yule atakayetawala huendelea kuogeleshwa katika ute. Mmoja hutoka tasa na kufa baada ya wiki kadhaa za kazi. Mwingine hutaga mayai kwa maelfu na kuishi miaka. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikipunguza ndani ya mabuu kile kimeng'enya kinachobandika methili, na wengi wao wakatoka na maumbile ya malkia. Ufalme, kumbe, ulikuwa namna ya kusoma.

Lakini nyuki hana wa kumlalamikia, na binadamu anaye. Ndiyo maana nawaomba wasomaji twende hadi Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, kwa kuwa ni njaa chache duniani zilizoandikiwa daftari kama ile.

Mwezi wa Septemba 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na washirika wao yalishuka Uholanzi, hadi Arnhem, yakitaraji kuvuka mto Rhine. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa uhamishoni London, iliwaamuru wafanyakazi wa reli wagome ili Wajerumani wasipate njia ya kusafirishia askari. Nao waligoma. Shambulio la Arnhem lilishindwa, na utawala wa Kijerumani ukalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi. Zuio hilo lililegezwa mwezi wa Novemba kwa vyombo vya majini, lakini baridi ilikuja mapema na kali, mifereji ikaganda, mashua zikakwama. Amsterdam, Rotterdam, The Hague: miji ya watu waliozoea kushiba ikabaki na posho ya karatasi. Mwishoni mwa Novemba posho rasmi ya mtu mzima ilikuwa imeshuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na katika miezi iliyofuata ilikuwa kati ya 400 na 800. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu na viazisukari, wakachoma milango ya nyumba zao kwa kuota moto. Kiasi cha watu 20,000 walikufa. Ndege za washirika zilianza kudondosha chakula tarehe 29 Aprili 1945, na tarehe 5 Mei nchi ikakombolewa.

Katika mateso hayo wakunga waliendelea kuandika. Daftari za hospitali zilibaki, na daftari za posho pia. Njaa ilikuwa na siku yake ya kuanza na siku yake ya kwisha, kabla yake watu walikula na baada yake walikula. Hivyo ilijulikana kwa kila mtoto ni mwezi gani wa mimba njaa ilimkuta. Mwaka 1976 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijana wa kiume 300,000 waliopimwa walipofika umri wa miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa wanene kupita kiasi mara nyingi zaidi kuliko wenzao; wale walioshikwa na njaa mwishoni mwa mimba na katika miezi ya kwanza ya maisha yao, mara chache zaidi. Yaani mwili uliofundishwa uchache mwanzoni ulikutana na wingi, ukauweka akiba. Katika miaka ya 1990 watu waliozaliwa katika hospitali moja ya Amsterdam walipimwa wakiwa na miaka kama 50, na waliokuwa tumboni wakati wa njaa wakaonekana miili yao inapata taabu zaidi kuitawala sukari.

Kisha mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenziwe wa Leiden walitazama irabu zenyewe. Waliwachukua watu 60 ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa, wakamlinganisha kila mmoja na ndugu yake wa jinsia ile ile ambaye njaa haikumkuta tumboni. Mama mmoja, nyumba moja. Katika kinasaba kiitwacho IGF2, ambacho kina kazi katika ukuaji wa mtoto tumboni, walikuta alama za methili ni pungufu kwa wale wa njaa. Waliokutwa na njaa mwishoni mwa mimba hawakuwa na upungufu huo. Tofauti ilikuwa ndogo, kiasi cha asilimia 5, na watafiti hawakudai kwamba alama hiyo ndiyo iliyoleta maradhi. Lakini ilikuwapo. Watu hao walikuwa na umri wa kama miaka 60, wamekula mkate na siagi maisha yao yote, na juu ya herufi zao bado imekaa irabu ya majira ya baridi ambayo hawayakumbuki.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu moyo wa mshairi hupenda kukimbia. Ni rahisi kusema basi, yameandikwa, mtoto wa njaa ni njaa. La hasha. Mwaka 1997 zilichapishwa habari za watu waliokuwa tumboni Leningrad wakati mji huo ulipozingirwa, katika miaka ya 1941 hadi 1944, njaa iliyoua watu wengi mno kuliko ile ya Uholanzi. Watafiti walitafuta taabu ya sukari kama ile ya Amsterdam, hawakuiona. Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba mtoto wa Leningrad hakutoka njaani akaingia katika wingi. Alitoka njaani akaingia katika uchache, na mwili wake haukudanganywa. Ikiwa ni hivyo, basi irabu haisomwi peke yake, husomwa pamoja na neno linalofuata.

Na zipo zinazobadilika. Huko Montreal, Michael Meaney na wenziwe walionesha mwaka 2004 kwamba panya jike anayewalamba sana watoto wake katika wiki ya kwanza ya maisha yao huwaachia alama tofauti katika kinasaba kinachotuliza hofu ndani ya ubongo. Mtoto wa mama asiyelamba, akihamishiwa kwa mama alambaye, alikua kama watoto wa mlezi wake. Sipendi sana kuhama kutoka kwa panya kwenda kwa watu bila ya daraja, lakini nakiri kwamba yule jirani mwenye kumlea yatima angelifurahi kuisikia habari hiyo.

Sasa turudi kwenye deni. Mara habari hizi zilipotoka kwenye majarida ya wataalamu zikaingia midomoni mwa watu, lawama ilishuka mahali pamoja: kwa mama. Alikula nini? Alihuzunika kwa nini? Mbona hakujitunza? Mwaka 2014 kundi la wanazuoni, akiwamo Sarah Richardson wa Harvard, waliandika katika jarida la Nature kuwaonya wenzao na waandishi wa habari waache mtindo huo. Onyo lilistahili, ila mimi naona lilikuwa la upole. Mtazame mwanamke wa Rotterdam mwezi wa Januari 1945, ana kadi ya posho mkononi na duka halina kitu. Ukisema kwamba yeye ndiye aliyemtia mwanawe alama, umesema kweli kwa kalamu ya mkemia na uongo kwa ulimi wa hakimu. Mwili wake ulikuwa njia. Aliyesimamisha mashua ndiye aliyepita katika njia hiyo.

Arthur Seyss-Inquart, aliyeitawala Uholanzi kwa niaba ya Hitler, alihukumiwa Nuremberg kwa makosa mengi, akanyongwa mwezi wa Oktoba 1946. Watoto wa njaa ile walikuwa hawajatimiza miaka miwili. Hakuna hakimu aliyeweza kuihesabu sukari ya mwaka 1995 katika damu yao. Hukumu ilitoka na kutekelezwa, na hesabu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Sijui kama sheria yoyote inaweza kufanya vinginevyo, lakini linanisumbua hili, kwamba tunafunga majalada ya njaa kwa kuhesabu maiti.

Yuko mwanafalsafa angenikatiza hapa. Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, aliuliza swali gumu: ukitenda jambo linaloathiri wakati wa mimba kutungwa, basi atakayezaliwa ni mtu mwingine kabisa. Lau njaa isingekuwapo, wale 60 wa Heijmans pengine wasingezaliwa wao. Wangezaliwa wengine, mwezi mwingine, kwa mbegu nyingine. Sasa mtu atalalamikaje kuhusu jambo ambalo bila ya hilo asingekuwapo wa kulalamika? Nimelizungusha swali hili kwa miaka, na siwezi kulikimbia kwa kusema kwamba ni mchezo wa maneno. Kwa mtoto aliyekwisha kuwamo tumboni njaa ilipoingia, jibu ni jepesi: alikuwapo, akadhuriwa. Kwa yule aliyetungwa ndani ya njaa, nadhani tunakosea kumtafuta yeye kuwa mdai wa kwanza. Mdai wa kwanza ni mama. Dhuluma ilitendwa juu ya mwili ulioko, wenye jina, uliosimama foleni. Na miongoni mwa vitu alivyodhulumiwa ni uwezo wa kumpa mwanawe mwanzo ambao angependa kumpa. Mtoto amebeba alama ya dhuluma aliyotendewa mtu mwingine, naye anaidai kama mrithi anavyodai deni la marehemu. Kwa hiyo yule tuliyetaka kumshitaki ndiye mwenye mashitaka.

Na hapo pia nasaba inarudi kwa mlango wa nyuma, jambo ninaloliogopa zaidi. Sisi watu wa visiwa na pwani tunajua mtu aweza kuwekwa daraja lake kwa ajili ya babu asiyemjua. Haitakuwa ajabu kesho mchumba akaulizwa si ukoo wake tu, bali bibi yake alishinda njaa mwaka gani. Elimu iliyokuja kuturahisishia mzigo wa damu itakuwa imetupatia damu ya pili. Ushahidi wa kwamba alama za njaa hupita kwa binadamu hadi kwa wajukuu ni dhaifu mpaka leo, na unabishaniwa. Anayeuza hofu hiyo anauza kitu asichokuwa nacho.

Desturi zetu wenyewe zilikuwa na jibu la namna fulani. Mzazi wa pwani huwekwa ndani arobaini, akakandwa, akapikiwa, wanawake wa ukoo na wa mtaa wakachukua zamu. Hakuna aliyemuuliza mumewe ana kiasi gani. Ulezi wa mwili ule ulikuwa wa watu wote, na naona humo kuna fikra ya haki iliyo kubwa kuliko vitabu vingi. Ila arobaini huanza mtoto akishatoka.

Katika vijiji vya Kiang Magharibi nchini Gambia, ambako watafiti wamekuwa wakiandika uzito, chakula na uzazi wa watu tangu katikati ya karne iliyopita, mwaka kwa mwaka kuna majira mawili. Kiangazi kuna mavuno ghalani. Mvua zikishuka, ghala limepungua na kazi ya shamba imekuwa nzito kuliko wakati wowote. Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba watoto waliotungwa kileleni mwa mvua na wale waliotungwa kileleni mwa kiangazi walitofautiana katika alama za methili, na kwamba tofauti hizo zilikwenda pamoja na virutubisho vilivyokuwamo katika damu ya mama mwanzoni kabisa mwa mimba. Alama za namna hii huwekwa katika siku za awali mno. Mwanamke yuko shambani na jembe, ameinama katika matope ya mpunga, mwezi wake haujachelewa hata siku moja. Hajui. Mumewe hajui, mkwewe hajui, wala hakuna mwanamke mtaani wa kumletea bakuli la uji, kwa sababu mbele ya macho ya watu wote yeye ni mwanamke tu anayelima.